Kiazi kitamu: jeni zinasema nini, na jina linasema nini

Kiazi kitamu asili yake ni Amerika. Hata hivyo, James Cook alipofika Polinesia mwaka 1769, alikuta wenyeji wanakilima, na mabaki yaliyofukuliwa katika kisiwa cha Mangaia ni ya kabla ya Columbus. Kilivukaje Pasifiki?

Kupima viazi vya leo hakutoshi. Baadaye Wahispania walipeleka aina za Mexico hadi Ufilipino, nao Wareno wakaeneza nyingine Afrika na Asia, na mbegu zikachanganyika. Kwa hiyo mwaka 2013 Caroline Roullier na wenzake walipima pia DNA ya mimea iliyokaushwa na wasafiri wa zamani. Viazi vya kale vya Polinesia vilionekana kuwa ndugu wa vile vya Peru na Ekuado. Wengi wakahitimisha: Wapolinesia walivifuata huko kwa mitumbwi.

Mwaka 2018 Pablo Muñoz-Rodríguez na wenzake walipinga. Kwa hesabu yao, ukoo wa kiazi kilichokusanywa mwaka 1769 ulitengana na ndugu zake wa Amerika zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati Polinesia haina mtu. Basi, wakasema, mbegu zilisafiri zenyewe.

Hapo mwanaisimu ana swali. Kutengana na kuhama ni mambo mawili. Kiswahili kilitengana na lugha ndugu za Sabaki karne nyingi kabla ya kufika Maniema katika karne ya 19. Anayechukua tarehe ya kutengana kuwa tarehe ya safari atakosea. Vivyo hivyo, ukoo wa kiazi uliweza kutengana ungali Amerika, ukavushwa baadaye.

Tena kuna jina. Kimaori husema kumara, Kitonga kumala, Kisamoa ‘umala, ambapo k imegeuka kuwa sauti inayokatwa kooni. Katika Kikechua cha Andes limeandikwa neno kumar. Mbegu huweza kuelea baharini. Jina halielei, hupokewa mdomoni mwa mtu. Na mwaka 2020 DNA ya watu wenyewe ilionyesha kwamba Wapolinesia na wenyeji wa Amerika walichanganya damu karibu na mwaka 1200.

Jeni za mmea hutuambia ndugu zake ni nani. Kuhusu aliyeubeba, tusiache kuyauliza maneno.