Safari ya Ng'ambo na Amana ya Picha

Msafiri wa zamani aliyetoka Unguja kwenda ng'ambo alipita Forodhani. Jina lenyewe latueleza kazi ya pahala pale: palikuwa pa forodha, ambapo shehena ilikaguliwa na ushuru ukatozwa. Leo pale ni bustani. Watu huenda jioni kupunga upepo, kunywa maji ya miwa, kula urojo na mishikaki, na vijana hujitosa baharini kutoka juu ya ukuta huku wageni wakiwapiga picha. Ukaguzi wa mizigo umehamia bandarini Malindi na uwanja wa ndege wa Kisauni, lakini suali lililomkabili msafiri wa jahazi ndilo limkabililo msafiri wa ndege: amechukua nini, na amekifunga vipi?

Twaandika haya kwa sababu ya kijana mmoja aliyepata kusoma chuoni kwetu. Alitujia baada ya sala ya Alasiri, akatuamkia, kisha akasema, "Maalim, bibi amenipa picha zake zote nimpelekee ndugu yake Maskati. Nami nina kamera yangu. Nizitie wapi?" Mkononi alikuwa na bahasha kubwa, na ndani yake zilikuwamo picha arubaini na tatu, nyingi zimepigwa kabla ya mwaka 1964. Suali lake lilikuwa dogo, lakini lilitugusa pahala penye kidonda.

Kwani nasi tuliwahi kwenda Maskati, kumzuru mama yetu mkubwa aliyeondoka Unguja mwaka 1964 akiwa msichana. Alikuwa ametuletea salamu kwamba hataki karafuu wala kahawa. Ataka kuiona sura ya baba yake. Picha ya mzee huyo ilikuwa moja tu, amesimama mbele ya Beit al-Ajaib, amevaa kanzu na kofia ya viua. Tuliitia katika albamu, albamu tukaitia katika sanduku kubwa baina ya nguo na chupa ya achari, na sanduku tukalikabidhi kwa watu wa ndege. Sisi tulifika, sanduku halikufika. Lilikuja siku ya nne, limerowa, na chupa imepasuka. Picha zilikuwa zimegandana, na tulipojaribu kuzibandua, sura zilitoka pamoja na karatasi.

Mama mkubwa aliishika ile karatasi kwa muda mrefu, kisha akasema, "Si kitu, mwanangu. Lakini ungaliipiga picha hiyo picha kabla ya kuondoka, leo ningalimwona baba." Hatukuwa na jawabu, kwani simu ilikuwa mfukoni mwetu siku zote hizo. Kosa halikuwa la ndege wala la mvua, lilikuwa letu. Naye amekwisha kutangulia mbele ya haki.

Ndugu wasomaji, picha katika mji wetu si jambo la jana. Mwaka 1860 Mwingereza James Augustus Grant alipiga picha hapa Unguja kabla ya kuingia bara pamoja na Speke. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, A. C. Gomes, aliyekuwa Mgoa, alikuwa na studio yake mjini. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko Shangani, na mwanawe Rohit akaiendeleza kazi ya baba yake. Nyumba nyingi zina picha za harusi na za watoto zilizopigwa na mafundi wa namna hiyo. Na tarehe 25 Desemba 2020, ilipoporomoka sehemu ya Beit al-Ajaib iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, wengi wetu tulikwenda kuzitafuta picha za zamani ili tuione nyumba ilivyokuwa. Mtu haijui thamani ya picha mpaka kile kilichopigwa kiwe hakipo tena.

Wala mashaka ya kusafiri na kamera si mapya. Muhammad Sadiq Bey, ofisa wa jeshi la Misri, alipiga picha za Madina mwaka 1861, na baadaye, katika safari ya Hija ya mwaka 1880, akazipiga za Makka. Kamera ya zama zake ilitaka vioo vilivyopakwa dawa, vikapigwa na kusafishwa papo hapo kabla dawa haijakauka. Kwa hiyo mpiga picha alichukua vioo, chupa za dawa na mahali pa kiza pa kufanyia kazi. Kioo kikivunjika, picha imekwenda. Mizigo yetu leo ni myepesi, na wepesi huo ndio utughururio. Tulimweleza kijana yule mambo yafuatayo, nasi twayaweka hapa ili yawafae wengine.

La kwanza ni kwamba picha ya asili isisafiri kama hapana haja. Ipigwe nakala hapa nyumbani, na nakala ndiyo ichukuliwe. Aliye na skana aitumie, na aiweke kwenye kipimo cha nukta 600 kwa inchi, ili picha ndogo iweze kukuzwa. Asiye nayo simu yatosha: ilaze picha juu ya meza karibu na dirisha, pasipo jua kali, uzime taa ya kamera, na uishike simu sawasawa juu yake isiende upande. Kama imo ndani ya fremu, itoe kwanza, kwa sababu kioo hurudisha mwanga. Bali ikiwa imegandana na kioo, usiivute. Ipige pamoja na kioo chake, kwani kuivuta ni kuipoteza. Kisha ipige na nyuma yake, maana huko ndiko wazee walikoandika majina na tarehe.

La pili ni nini kiwe mkononi na nini kiende katika sanduku kubwa. Kamera, lenzi, kadi za kumbukumbu, na picha za karatasi ikiwa zimelazimika kwenda, vyote viwe katika mkoba wako wa mkononi. Kigari cha miguu mitatu cha kusimamishia kamera, nyaya na chaja vyaweza kwenda chini, vimezungushiwa nguo. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kabisa kuwekwa katika mizigo ya chini, kwa kuwa zikipata hitilafu huwaka moto, na moto wa chini hapana auonaye mapema. Kila betri ya akiba ifunikwe ncha zake kwa utepe au itiwe katika kijifuko chake, isije ikagusana na funguo au sarafu.

Betri kubwa ya kuchajia simu, ambayo vijana waiita pawabenki, nayo ni ya mkononi. Mpaka wake wa kawaida ni Wh 100; ile iliyo baina ya Wh 100 na 160 yataka idhini ya shirika la ndege, na iliyozidi hapo haipandi. Hesabu yake ni nyepesi: chukua mAh, zidisha kwa volti, gawanya kwa 1,000. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni Wh 74, hiyo yapita. Ya mAh 30,000 ni Wh 111, hiyo omba ruhusa kwanza. Na mashirika mengine yamezidisha masharti: Emirates, mathalan, tangu tarehe 1 Oktoba 2025 humruhusu abiria pawabenki moja tu iliyo chini ya Wh 100, wala haimruhusu kuitumia akiwa angani. Basi uliza kabla ya kununua tikiti, usiulize ukiwa umekwisha simama mbele ya mkaguzi.

Wapo vijana walioanza tena kutumia kamera za filamu. Hao nao wajue kuwa filamu ambayo haijaoshwa huharibiwa na mionzi mikali inayokagua mizigo ya chini, na kadhalika na mashine mpya za mkononi zinazofanya kazi kama zile za hospitali zimulikazo mwili pande zote. Itoe filamu katika mkoba, uitie katika mfuko unaoonyesha, na umwombe mkaguzi kwa adabu aikague kwa mkono. Kadi za kumbukumbu hazidhuriwi na mionzi hiyo.

La tatu ni hewa. Sisi watu wa pwani twajua bahari inavyokula chuma, nayo hula kamera vilevile. Unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi, na chumvi huingia katika viungo vyake. Mwenye lenzi aifute kwa kitambaa laini kikavu kila atokapo ufukweni, na ndani ya mkoba atie vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vijavyo pamoja na viatu vipya. Maskati na Jeddah kuna shida nyingine: nyumbani kiyoyozi ni baridi, nje ni joto la kuchoma. Kamera itolewayo baridini na kupelekwa nje mara hiyo hiyo hufunikwa na umande, nje na hata ndani. Dawa yake ni kuifunga katika mfuko usiopitisha hewa kabla ya kutoka, na kuiacha humo mpaka ipate joto la nje. Kuhusu umeme, Oman na Saudia hutumia plagi ya miguu mitatu kama yetu. Aendaye Uturuki au Ujerumani atahitaji kibadilishio cha miguu miwili ya mviringo.

La nne, na hili ndilo kubwa, ni kuhifadhi. Picha iliyo pahala pamoja ni kama picha isiyokuwapo. Mafundi wa kazi hii wana kanuni yao: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mbali na zilizobaki. Kwa msafiri maana yake ni hii: picha za siku zibaki katika kadi, usiku zinakiliwe katika fleshi au diski ndogo inayokaa katika mkoba mwingine, na kama mna wawili, basi mwenzako aichukue, kisha unapopata intaneti nzuri, zipelekwe pia katika hifadhi ya mtandaoni. Usifute kadi mpaka umezifungua nakala kwa macho yako ukaona zinafunguka. Na ni bora kadi mbili za GB 32 kuliko moja ya GB 64. Kadi moja ya GB 32 huweka picha elfu 4 hivi za MB 8 kila moja, na ikipotea, safari nzima haikupotea pamoja nayo.

La tano ni adabu, ambalo si zito mkobani bali ni zito katika mizani. Wanavyuoni wamesema mengi juu ya picha, nasi hatutaki kuingia katika khitilafu zao hapa. Lakini hapana khitilafu kwamba nyumba ya watu ina heshima yake. Usiinue kamera katika nyumba uliyokaribishwa mpaka umeomba ruhusa, na wanawake wa nyumba wasipigwe ila kwa radhi yao, wala picha zao zisipelekwe kwa mtu mwengine bila ya idhini. Usipige askari, wala viwanja vya ndege, wala majengo ya serikali. Aendaye Hija au Umra afuate amri za wenye kuusimamia Msikiti, wala asisimame katikati ya njia ya wanaotufu ili apate picha yake, akawasukumisha wazee nyuma yake. Amekwenda kuabudu, hakwenda kuonekana.

Na kwa kuwa simu yako imebeba sura za mama na dada zako, ifunge kwa namba ya siri. Ukiipeleka kwa fundi au ukitaka kuiuza, zitoe picha kwanza, kisha uifute yote. Wapo walioziona picha za nyumba zao mikononi mwa wasiowajua, na sababu ilikuwa simu iliyouzwa kwa haraka.

La sita na la mwisho, chukua daftari. Kijana yule alishangaa tulipomwambia hivyo, lakini picha isiyo na jina ni bubu. Tulimwambia azipe nakala zake namba kuanzia 1 mpaka 43, aketi na ndugu wa bibi yake, amwonyeshe moja moja, na kila anachosema akiandike: nani huyu, mtoto wa nani, wapi, mwaka gani. Na nyuma ya picha za asili zilizobaki Unguja, majina yaandikwe kwa penseli laini, pasipo kukandamiza, kwani wino wa kalamu hupenya ukatokea usoni.

Alikwenda, akakaa wiki tatu, akarudi. Picha za asili hazikutoka kabatini kwa bibi yake. Alituletea daftari chuoni tulisome. Picha thelathini na moja zimepata majina. Kumi na mbili hazikupata, kwa sababu waliozijua wamekwisha kufa, Unguja na Maskati. Katika zile kumi na mbili yumo bibi harusi mmoja amekaa kitini, mikono imepakwa hina, na hapana tena chini ya jua amjuaye.

Basi enyi wazazi, na nyinyi vijana mnaojiandaa kwa safari, msingoje tikiti itoke. Leo jioni fungueni kabati, zitoeni picha, mkae pamoja na mkubwa wenu aliye hai, mumuulize. Kamera hununuliwa nyengine, na sanduku likipotea hulipwa. Lakini jina alijualo mzee mmoja peke yake haliuzwi dukani. Wabillahi tawfiq.