Mtoto Asiyegeuka Akiitwa

Jumapili moja baada ya Misa hapa Kasanga, mama mmoja aliingia ofisini mwangu na mwanawe wa miaka 6, nimwandike katika mafundisho. Nilimwita mtoto jina lake mara 3, hakugeuka. Alikuwa sakafuni akipanga maganda ya konokono wa ziwani katika mstari ulionyoka. Nilipogusa ganda moja, alilia mpaka watu wakachungulia dirishani.

Mama akasema, “Mwalimu, baba yake ataka kunirudisha kwetu. Asema ubovu huu umetoka katika ukoo wetu.”

Ndugu wasomaji, hali hii huitwa usonji. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliieleza mwaka 1943, akitaja watoto 11. Kwa miaka mingi baadaye mabingwa wengi wa Ulaya na Marekani walimlaumu mama, eti hakumpenda mtoto wake. Kumbe wasomi nao husengenya kama watu wa kisimani!

Mapacha ndio waliofumbua jambo. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walitoa habari za jozi 21 za mapacha huko Uingereza, ambazo kila moja ilikuwa na mtoto mwenye usonji. Jozi 11 zilitoka katika yai moja, watoto wa kufanana kama shilingi kwa ya pili. Jozi 10 zilitoka katika mayai mawili. Katika zile 11, jozi 4 walikuwa na usonji wote wawili. Katika zile 10, hakuna hata moja. Basi kama kosa lingekuwa la malezi, tofauti hiyo ingetoka wapi? Mapacha wa aina zote mbili hulelewa na mama mmoja chini ya paa moja.

Urithi hukaa katika jeni, nusu kutoka kwa baba na nusu kwa mama. Jeni zinazohusika na usonji ni mamia, na nyingi hushughulika na ujenzi wa ubongo mtoto angali tumboni. Mara nyingine badiliko huwa jipya kabisa, halimo katika ukoo wowote. Mabadiliko mapya ya namna hiyo mengi hutoka upande wa baba, nayo huongezeka kadiri baba anavyozidi umri.

Hayo nilimweleza yule baba alipokuja Jumatano. Alinyamaza sana. Kisha akauliza, “Mbona mtoto wa jirani alisema vizuri mpaka alipopata homa?”

Aliuliza vema. Mwaka 2006 Folstein yuleyule na wenzake walieleza habari za watoto 14 wenye usonji hapa Tanzania. Watatu walikua vizuri mpaka miezi 22, 35 na 42, wakapata malaria kali, homa ndefu na degedege. Walipopona, usonji ukaonekana. Wengine 4 walikuwa wa mashaka, maana malaria iko kila mahali. Waliobaki 7 hawakuonyesha sababu hiyo. Sisi wa ufukweni tunaijua malaria. Mtoto wa homa asingoje asubuhi.

Dawa ya kuondoa usonji hakuna. Husaidia kumwambia mtoto maneno machache, polepole, na kumwonyesha kitu chenyewe.

Jina lake nimeliandika daftarini. Atafundishwa peke yake kwanza, kabla wenzake hawajafika na kelele zao. Maganda yake aje nayo. Baba yake ndiye atakayemleta.