Hizo sarafu za kwa kopo lako, kuna duka Merigi linazililia

Fungua droo ya meza yako sasa hivi. Au lile kopo la majani chai lililokaa juu ya kabati tangu uhamie kwa hiyo keja. Ziko humo, sivyo? Ashu za makanga, mbao za kibanda cha chapo, bob moja moja za supamaketi ambazo hata hukumbuki ulizipata lini. Tangu uzoee kulipa kila kitu kwa simu, sarafu ikiingia kwako haitoki tena. Huiiti pesa. Unaiita chenji.

Sasa twende Merigi, Bomet Mashariki, kule kwenye mashamba ya majani chai. Ni Desemba, umeenda kusalimia nyumbani. Hata begi hujatua, kogo anakutuma dukani: sukari nusu kilo, kiberiti, kipande cha sabuni. Anakupa noti ya mia tano. Mwenye duka anaitazama noti, anakutazama wewe, halafu anauliza swali linaloulizwa katika kila duka la nchi hii: "Huna ndogo?"

Huna. Zako ziko Nairobi, kwa kopo.

Basi yatatokea mambo mawili matatu unayoyajua vizuri. Utapewa peremende badala ya bob tano. Au baki yako itaandikwa kwa daftari, uichukue "siku nyingine", siku ambayo wewe utakuwa umerudi mjini. Au utaongezwa kiberiti cha pili ambacho kogo hakukutuma.

Kwa nini ndogo hazipatikani?

Noti huja na benki, sarafu huja na watu. Mkulima wa majani chai analipwa kupitia benki, sacco au simu. Akienda kuzitoa, mashine au ajenti atampa noti, tena kubwa. Subiri sasa msimu wa bonasi, ambayo wakulima wa viwanda vya KTDA huipata kwa kawaida mwezi wa Oktoba. Karibu kila mfuko una thao, na wote wanataka kuivunja kwa duka lile lile asubuhi ile ile.

Sarafu haitoki kwa mashine ya ATM. Inafika dukani ikiwa mkononi mwa mteja, makanga, mama mboga au mtu wa bodaboda. Ikilala kwako, kuna mahali haikufika.

Na anayelipia hilo pengo si wewe wala mwenye duka. Ni yule mchumaji anayelipwa kwa kilo za majani alizopima, anayenunua vitu kidogo kidogo: mafuta ya kupimiwa, sabuni ya kukatiwa, majani chai ya kipakiti. Maisha yake yote yanahesabiwa kwa sarafu. Akiacha bob tano kila siku kwa sababu chenji hakuna, kwa mwaka ni Sh1,825. Hakuna duka litakalokubali azirudishe peremende zote alizopewa ili alipie unga.

"Si alipe tu na M-Pesa?"

Najua hilo ndilo unalotaka kuuliza. M-Pesa iko nasi tangu 2007, na imetusaidia sana. Lakini kogo na kabambe yake lazima kwanza atafute miwani, kisha akumbuke PIN, kisha mtandao ukubali. Na yule aliyelipwa kibarua chake kwa noti hana kitu kwa simu cha kutuma. Mjini simu imeondoa shida yako ya chenji, lakini wakati huo huo imezifungia sarafu zako kwa kopo. Kwa hivyo wewe ni sehemu ya hii stori hata kama hujawahi kukanyaga Bomet. Mama mboga wa mtaani kwako anauliza swali lile lile kila asubuhi.

Zibadilishe hivi

Kwanza, zipange kwa aina. Mbao 50 ni thao. Ashu 100 ni thao. Za bob tano zinahitajika 200. Weka kila aina kwa bahasha yake ya kaki na uandike jumla juu. Ukimpelekea mtu mchanganyiko wa kilo mbili, utamchosha kabla hujamsaidia.

Pili, usitupe zenye vichwa vya marais. Katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote kwa pesa zetu, ndipo mnamo 11 Desemba 2018 zikazinduliwa sarafu mpya: twiga kwa shilingi 1, kifaru kwa 5, simba kwa 10 na ndovu kwa 20. Za zamani hazikufutwa, ziliendelea kutumika pamoja na mpya. Iliyofutwa ni noti ya zamani ya 1,000, ambayo mwisho wake ulikuwa 30 Septemba 2019. Ukipewa hiyo wakati wa kubadilisha, irudishe papo hapo.

Tatu, chagua mtu na saa. Mwenye duka, mwenye bucha, mwenye posho mill na makanga wote wanataka ndogo, lakini usimwendee makanga saa ya rashi. Muulize kwanza anahitaji zipi na kiasi gani. Hesabuni pamoja, mbele ya macho yenu wote wawili. Halafu noti unayopewa iinue kwa mwanga: kwa hizi mpya utaona kichwa cha simba ndani ya karatasi, na ule uzi hubadilika rangi ukiigeuza. Usione haya. Yeye pia amehesabu zako.

Nne, usikubali kukatwa. Dar es Salaam kuna watu wanaoishi kwa kuwauzia makonda wa daladala chenji: konda anatoa noti, anarudishiwa sarafu pungufu kidogo. Hiyo ni kazi yao, wanakaa stendi kutwa nzima. Wewe na jirani yako mwenye duka hamhitaji hayo. Unampa shilingi elfu moja, anakupa shilingi elfu moja, na kila mmoja amepata alichokuwa anakosa.

Ukiwa na nyingi kweli, uliza benki yako. Benki Kuu nayo ina matawi Mombasa, Kisumu na Eldoret, na vituo vya sarafu na noti Meru, Nakuru, Nyeri na Kisii. Lakini kutoka Merigi hadi Kisii na kopo moja, nauli itakula kopo.

Kwa hivyo Desemba hii, kabla hujabeba mkate na soda za kupeleka nyumbani, beba zile bahasha. Ukifika, pitia dukani kwanza. Mwenye duka atakupa noti zako, na siku kogo atakapotuma mtoto wa jirani kununua sukari, huyo mtoto atarudi na baki yote.

Ulihesabu lako lina ngapi?