Mtoto wa mkulima na diploma yake: jamaa inamfundisha nini?



Katika koperative za Kivu tunasikia swali moja kila mara. Tumeuza kahawa, maharagwe na mihogo ili kulipa masomo. Mtoto amepata diploma, na sasa yuko nyumbani anangojea kazi. Wengine wanakimbilia mujini, wengine wanashuka kwenye machimbo ya zahabu. Kwa nini mmoja anaanzisha kazi yake mwenyewe, na mwenzake wa darasa moja hapana? Akili ya masomo peke yake haitoshi. Jamaa aliyokomalia na kazi anayotamani vinahesabu sana.

Kile mtoto anaona. Mtoto wa muchuuzi wa Butembo anakaa dukani kisha masomo. Anasikia watu wakipatana bei, anaona deni likiandikwa, anajua kama kuna siku faida inakosa. Mtoto wa mkulima anajua jembe, lakini hesabu hapana. Anatumwa kubeba kahawa mpaka kwenye stasio ya kuosha, lakini karatasi ya kilo haisomi. Anakumbuka jasho, hakumbuki faida.

Kile anasikia. "Soma, usikuye kulima sawa sisi." Tunasema vile kwa upendo. Lakini mtoto anaelewa kwamba shamba ni azabu ya walioshindwa. Hata aliyesoma kilimo kwa ITAV anatafuta ofisi. Kazi ya serkali au ya shirika si mbaya. Walimu na waganga tunawahitaji. Kibaya ni kuchagua kwa kukimbia, bila kulinganisha.

Nguvu ya kuvumilia hasara. Jamaa yenye duka ikipoteza, inaanza tena. Yenye shamba moja tu, msimu moja ukiharibika, chakula kinapunguka. Ndiyo maana mtoto wa maskini anaogopa kujaribu. Ule si uvivu, ni hesabu ya kweli. Dawa yake ni kuanza na kitu kidogo, ambacho kikikufa hakiangushe nyumba.

Binti naye. Kanuni ya jamaa ya 1987 ilimulazimisha mke kuomba ruhusa ya bwana kwa matendo ya kisheria. Marekebisho ya 2016 yaliondoa sharti ile. Leo bibi na bwana wanapaswa kupatana. Binti akiona mama yake anahesabu na kutia sahihi, atajua kama biashara ni yake pia.

Tufanye nini nyumbani? Tuanze na dende. Mpe mtoto majike wawili na dume moja, wasiotoka tumbo moja. Mimba inadumu miezi miwili na kidogo, na jike anazaa mara nyingi watoto 2 mpaka 4. Mtoto akate majani mwenyewe, na katika kayee yake aandike waliozaliwa, waliokufa, waliouzwa, na bei. Lakini makuta yawe yake kweli. Mzazi akiuza dende bila kumuuliza, somo limekufa pale pale.

Kwa kahawa, muhesabu pamoja. Karibu kilo 6 za serizi nyekundu zinatoa kilo 1 ya kahawa ya kijani. Mtoto akijua vile, ataelewa kwa nini bei ya serizi na bei ya kahawa iliyotengenezwa hazifanani, na ni kazi gani inaongeza bei katikati.

Na katika koperative? Mambo matatu yanawezekana bila makuta mengi:

- Kupokea wanafunzi wa stazi wakati wa mavuno, wapime kilo na kuandika daftari pamoja na mwandishi.
- Kualika vijana siku hesabu za mwaka zinasomwa, na kuwaachilia waulize maswali.
- Kuwafungulia mulango katika AVEC, waweke akiba kidogo kidogo, kisha wakope kiasi wanachoweza kurudisha.

Si kila mtoto atakuwa mufanyabiashara, na haiombwi. Lakini daftari za koperative yetu leo zinashikwa na watu wazima, na kesho zitahitaji mikono mingine. Katika mukutano ujao, kila mzazi aulize mtoto wake kazi gani anataka na kwa sababu gani, kisha tuletee majibu. Tutaanza na yale majibu kuchagua wa kwanza kwa stazi.