Fromaji ya Masisi mezani, na kasiksi pembeni

Rubaya inajulikana duniani kwa koltani. Lakini milima hiyo ya Masisi, jimboni Kivu Kaskazini, ina mali nyingine: maziwa, na fromaji inayotengenezwa kwayo.

Wamisionari kutoka Ulaya walileta ufundi huo karne iliyopita, nao wafugaji wakaushika. Sababu ni rahisi: maziwa huharibika upesi barabara ikiwa mbaya, lakini fromaji huvumilia safari mpaka Goma. Karibu lita 10 za maziwa hutoa kilo moja.

Ukiwaalika marafiki nyumbani, ikate mapema ili iwe na joto la chumba. Anza na iliyo changa: ni laini, ina utamu wa maziwa. Inapatana na divai nyeupe, au na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ambayo uchachu wake huondoa mafuta mdomoni. Iliyokaa muda mrefu ni ngumu, na ladha yake ni kali. Hiyo yataka divai nyekundu au divai tamu. Onja fromaji, kunywa kidogo, kisha onja tena. Ladha itakuwa imebadilika.

Ila raha hiyo inategemea amani. Kundi la M23 liliiteka Rubaya tarehe 30 Aprili 2024, na vita vya Masisi vimewafukuza watu wengi makwao. Fromaji inaweza kungoja barabara ifunguliwe. Ng'ombe aliyeporwa hana maziwa ya kesho.