Binti Akitaka Kusomea Uuguzi

Mke anaposhikwa na utungu, jambo la kwanza ambalo jamaa wengi wa pwani yetu huuliza wakifika hospitali ni kama yupo muuguzi wa kike. Swali hilo ni la haki, nalo latokana na sitara tuliyolelewa nayo. Lakini nyumba hiyo hiyo, binti yao akimaliza Kidato cha Nne na kusema anataka kusomea uuguzi, huenda akaambiwa kazi hiyo ina zamu za usiku na kuhudumia wanaume, basi heri atafute nyingine. Je, huyo muuguzi tunayemtaka atatoka nyumba ya nani?

Kazi hii si ngeni kwetu. Vitabu vya sira vyamtaja Bibi Rufaida al-Aslamiyya wa Madina, aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika Vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliamuru awekwe katika hema la Bibi huyo lililokuwa msikitini. Imam Ghazali naye ameihesabu elimu ya tiba kuwa ni fardhi kifaya: wakikosekana wa kuisimamia, lawama ni ya umma mzima.

Wala binti hahitaji kwenda mbali. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC) kina matawi Mombasa, Port Reitz, Msambweni, Kilifi na Lamu. Diploma ya uuguzi huchukua miaka 3. Huhitaji wastani wa C katika mtihani wa KCSE, na masomo kama biolojia na lugha hutazamwa peke yake. Mwanafunzi hugawa wakati wake baina ya darasa na wodi, akijifunza kuzalisha, kuchanja watoto na kuwafuata wagonjwa vijijini. Akihitimu, hufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi ndipo apewe leseni. Asiye na uwezo wa karo aweza kuomba mkopo wa HELB.

Hofu ya wazazi haipuuzwi, ila ina dawa yake. Kabla ya kulipa karo, mzazi na aende chuoni aulize kuhusu mavazi, bweni na zamu. Zamu ya usiku ikifika, kaka au baba ajue saa ya kumpeleka na kumrejesha. Na posa ikija, mchumba aelezwe mapema kazi hiyo ilivyo, kabla ya akidi, ili binti asilazimishwe baadaye kuchagua baina ya nyumba na leseni yake.

Nanyi mama wenye mabinti wangali shuleni, watazameni katika biolojia na kemia tangu sasa. Wengi hukosa nafasi hii kwa alama za masomo hayo, hata kabla baba hajaulizwa kama ataridhia.