Ukibadili Gogo, Mtumbwi Si Uleule

Tuseme umenunua kompyuta iliyotumika pale Kariakoo, ukaipakia katika basi la Kibiti ili wadogo zako waitumie kwa masomo. Kwa miezi kadhaa mambo ni shwari. Siku moja umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, na ule ubao mkuu ambao mafundi huuita madabodi unaungua. Fundi anaweka mwingine. Kompyuta inawaka, lakini pembeni mwa kioo yanatokea maandishi yakidai leseni ya Windows. Wadogo zako wanapiga simu kwa hofu: je, tumeuziwa mali ya wizi?

La hasha. Aujuaye mtumbwi wa delta ya Rufiji ataelewa upesi. Ukibadili kafi, upondo au tanga, mtumbwi ni uleule. Ukibadili gogo lenyewe, huo ni mwingine. Microsoft nayo huhesabu hivyo. Ukiongeza kumbukumbu au ukaweka diski mpya, kwa kawaida leseni haipotei. Ukibadili madabodi, kompyuta huhesabiwa kuwa mpya.

Hapo ndipo yafaa kujua aina ya leseni. Ile iliyotoka kiwandani pamoja na kompyuta imefungamana nayo, wala haihamishiki. Ruhusa hutolewa pale mtengenezaji anapobadili ubao mbovu kwa dhamana yake. Iliyonunuliwa peke yake humfuata mnunuzi, mradi aiondoe katika kompyuta ya kwanza. Kompyuta zilizotumika nyingi zina leseni ya kiwandani, na ni nadra muuzaji kulitaja hilo.

Mwenye leseni ya kuhamishika na aiunganishe na akaunti yake ya Microsoft kabla fundi hajashika bisibisi. Njia hiyo ilianza mwaka 2016. Baada ya matengenezo ataeleza, kwa intaneti, kwamba vifaa vimebadilishwa. Wa visiwani na amalize hayo angali Kibiti, kabla ya kuteremkia Nyamisati kupanda boti.

Atakayejitolea “kuivunja” leseni kwa bei ya chai, mkatalie. Programu hizo mara nyingi hubeba virusi, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta.

Mimi nisingenunua leseni mpya kwa ajili ya kompyuta kongwe. Windows 10 ilikoma kupewa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa nyingi za zamani. Linux ni ya bure, wala haiulizi habari za gogo. Tena si ngeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya Kiswahili ya kuandikia na kupigia hesabu. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice, hupatikana bure hata leo, na mdogo wako aweza kuandikia insha zake usiku huuhuu.